Magoti ya Mawifi Wawili

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu tangu alfajiri, hewa nzito, jua halikuonekana hadi saa nne.

Siku hiyo Mama Pindo alifika karakana ya ushonaji akiwa amekata kauli kuacha kazi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa miaka thelathini na moja hakutokea aliyekunja pindo la gauni kama yeye. Lakini wiki hiyo tajiri wao alikuwa anahamishia mashine zote ghorofa ya tatu, na asiyeweza kupanda ngazi hakuwa na pa kukaa. Goti la kulia la Mama Pindo lilikuwa limesagika.

Wifi yake, waliyekaa naye nyumba moja, alikuwa mpiga pasi wa karakana hiyohiyo na mgonjwa wa goti vilevile. Wiki sita nyuma walikwenda zahanati pamoja. Daktari aliwaambia dawa ya kupaka husaidia na mazoezi husaidia. Kipi kingemfaa nani, hakuapa. Basi mawifi hao, ambao hata kuhusu chumvi ya mchuzi hawakuwahi kukubaliana, wakagawana. Wifi apake, Mama Pindo afanye mazoezi.

"Tutaona nani atatangulia kucheka," wifi alisema.

Wifi alitangulia. Siku chache tu akawa anatembea kwa madaha, chumba kizima kinanukia dawa. Mama Pindo aliketi na kuinuka kitini mara kumi kila asubuhi bila kushika kitu, akanyoosha mguu na kuushikilia hewani, machozi yakimlengalenga. Kila Jumapili alijipima goti kwa futi kamba na kuandika daftarini. Zahanati waliandika inchi kumi na sita. Namba yake yeye ilizidi hiyo kila wiki, wala haikushuka chini yake hata mara moja. Maumivu yalikuwa yamepungua, lakini yeye aliiamini futi kamba kuliko mwili wake.

"Wifi, maji yamezidi unga," alisema asubuhi hiyo, akimpa daftari. "Goti limevimba. Namwambia tajiri atafute mtu."

Wifi akasoma: kumi na sita na nusu, ya jana. Akaweka pasi kando, akachukua futi kamba, akalizungushia goti.

"Kumi na tano na nusu."

"Pima tena. Macho yako yameharibiwa na mvuke."

Akapima tena. Ileile. Akalitazama daftari, kisha akaanza kutikisika kwa kicheko. "We mama, goti hili unalishonea suruali? Umeliongezea mshono!"

Ndivyo ilivyokuwa. Katika karakana yao kipimo hakiandikwi kikavu; fundi huongeza inchi ya mshono kabla kalamu haijagusa karatasi. Mkono wa Mama Pindo ulikuwa umeongeza wenyewe, wiki sita.

Hakucheka. Aliweka kiganja juu ya goti, akabonyeza paja. Nyama ilikuwa imekaza, nyama ambayo Januari haikuwapo. Daktari alishasema kilichosagika ndani hakirudi. Lakini kilichokizunguka kilikuwa kimejijenga, kimyakimya, kwa mwanamke wa miaka hamsini na minane. Maisha yake yote alishika vitambaa, na hakuwahi kuona kilichochakaa kikajifuma chenyewe. Alibaki ameshika paja kama mtu aliyeshika mtoto mchanga wa mwenzake.

"Twende tukajaribu," alisema.

Vipandio vya ngazi arobaini na viwili hadi ghorofa ya tatu. Walipanda sambamba, bila kugusa ukuta, mmoja kwa dawa na mwingine kwa mazoezi, wakatokea juu pamoja.

"Haya, nani kashinda?" wifi akauliza.

"Pumua kwanza, ndiyo uulize."

Wakasimama kwenye chumba kitupu wakitazama magoti yao.

Kesho yake asubuhi Mama Pindo aliketi na kuinuka mara kumi, wifi akiinuka naye huku akilalamika. Kisha Mama Pindo akanyoosha mguu, akamwachia wifi ampake dawa kidogo, wakaenda ghorofani kuchagua dirisha la kuwekea mashine yake.