Picha Iliyokatwa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kidogo cha wainjilisti Handeni, Mkuu wa Chuo hakunikabidhi chaki. Alinikabidhi boksi la mbao lenye picha.

"Hao ni mashahidi wetu wa imani," alisema. "Waliuawa Ulaya, makanisa yalipogawanyika. Usiwaeleze sana, kijana. Tundika picha, nyamaza, wanafunzi watalia wenyewe."

Nilifundisha historia ya Kanisa, na nawaandikia ninyi mnaoianza kazi hiyo sasa. Picha zile zilikuwa nakala za michoro ya zamani: fundi alichonga bamba la shaba au ubao, akapaka wino, akakandamiza karatasi juu yake. Waprotestanti walipenda kumchora mtu wao motoni akiwa mtulivu, maneno yake ya mwisho kwenye utepe unaotoka mdomoni. Wakatoliki nao walikuwa na michoro yao, ambayo wakati huo sikuwa nimeiona. Pande zote zilisema kwamba kifo peke yake hakimfanyi mtu shahidi. Kinachopimwa ni sababu ya kufa kwake. Kwa hiyo aliyekufa upande wangu ni shahidi, wa upande wako ni mzushi au mhaini.

Picha niliyoipenda ilimwonesha kijana jukwaani, amefungwa mikono, uso umetulia. Kando yake kulikuwa na herufi ndogo, A, B, C. Wanafunzi wakiuliza, nilijibu ni alama za mchoraji. Nilijibu hivyo miaka kumi na moja.

Kisha nikahamishiwa Korogwe, kwenye kozi ya pamoja pale Manundu, wainjilisti wetu na makatekista wa Kikatoliki. Wengi walikuwa wajukuu wa vibarua wa mkonge, nyumba moja madhehebu mawili, na kwenye misiba viongozi waligombea maiti. Kozi ililenga kukomesha hilo. Paroko aliwaruhusu makatekista wake kwa sharti moja: wakidhalilishwa, wanaondoka siku hiyohiyo.

Siku ya somo langu, Mratibu wa Kozi, mchungaji mkali, aliketi nyuma. Nilimtundika kijana wangu.

"Huyu ni wa kwetu," nikasema, "aliyeuawa na wa kwenu."

Mama Adela, katekista wa Mnyuzi, akasimama. "Mwalimu, heshima yako ipo palepale. Lakini huyo ni wa kwetu."

Akatoa kwenye kitabu chake cha sala picha ileile, nzima. Kila herufi ilikuwa na maelezo chini. "A, kamba. B, kisu. C, chungu cha kuchemshia viungo vyake. Ndivyo wetu walivyochorwa, ili msomaji ahesabu mateso. Yako imekatwa."

Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa chini. Wembe ulipita hapo, umekwenda upande kidogo.

"Picha hufanana," Mratibu alisema kwa sauti kavu. "Mwalimu, endelea na somo."

Makatekista walianza kukusanya mifuko. Mama Adela hakuketi. Jumamosi hiyo kungekuwa na mazishi Mnyuzi, ya mzee aliyebatizwa kwao na kuoa kwetu. Wangetoka mlangoni, maiti ile ingegombewa.

"Mama Adela amesema kweli," nikasema. "Tulimchukua shahidi wao, tukamkata maneno, tukamwita wetu. Nimewafundisha wengi hivyo. Naomba mnisamehe."

Ndipo mwinjilisti mmoja, mfugaji wa Handeni, akakohoa. "Kwetu ng'ombe wa mtu akikutwa zizini mwako, chapa imekwaruzwa, husemi wanafanana. Unamrudisha."

"Na faini juu!" akasema Mama Adela. Kicheko kikapasuka. Mifuko ikarudi chini ya madawati.

Nje, Mratibu aliniambia, "Umelivua nguo kanisa lako." Muhula uliofuata nilipangiwa maktaba, na humo nikakaa hadi kustaafu. Namshukuru Mungu hata kwa hiyo maktaba. Humo ndimo nilimosoma vitabu vya pande zote mbili. Na Jumamosi ile Mnyuzi, mzee alizikwa kwa nyimbo za vitabu viwili.

Nilipostaafu nilimpelekea Mama Adela ile picha. Alikataa.

"Kaa naye, Mwalimu. Wangu ana maneno yake. Huyo wako ndiye anayehitaji mtu wa kumsemea."

Akachukua kalamu, akaandika chini, A, kamba, B, kisu, C, chungu, na jina la kijana. Imetundikwa sebuleni kwangu, Korogwe ya zamani. Nanyi, kabla hamjamtundika mtu mbele ya darasa, pitisheni kwanza kidole kwenye ukingo wa chini.