Mlio wa Mdeki Mlangoni

Enzi zetu sisi tuliokulia Lawrence Heights hapa Toronto, Jumamosi ilikuwa na mlio wake. Wenzangu watakumbuka katuni za asubuhi, au mama zao wakipiga simu nyumbani kwa kadi ya kukwangua, wanapaza sauti utadhani Tanzania iko ng'ambo ya barabara. Mimi nakumbuka "ting'". Ni mlio wa ufito wa chuma ukiangushwa ndani ya mtutu mtupu wa bunduki hadi ukagonga chini. Kwetu ulimaanisha Baba amerudi na chakula kipakuliwe.

Najua hapo kuna mtu ameshtuka. Tulia. Baba yangu hakuwa jambazi wala askari. Alikuwa mpakuaji wa mizigo ya ndege kule Malton, mtu wa zamu na mabasi mawili, na starehe yake moja tu duniani ilikuwa gobore. Wengine walikuwa na mpira, wengine bia, yeye gobore. Ile bunduki ya kizamani unayoilisha mdomoni: unamimina baruti, unaweka risasi ya duara kama gololi iliyofungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, unashindilia kwa ufito uitwao mdeki, unabandika fataki, ndipo ufyatue. Mara moja. Ukitaka tena, anza upya.

Mapenzi hayo aliyatoa kwao Sikonge, Tanzania. Babu alikuwa mwindaji, na gobore lake lilining'inia ukutani juu ya kitanda hadi siku alipoambiwa alisalimishe ofisi ya kijiji. Baba alisema Babu aliporudi mikono mitupu alikaa siku mbili bila kusema na mtu. Basi miaka ya mwanzo ya elfu mbili tulipokuja Toronto, nikiwa na miaka tisa, Baba akakutana kazini na Mzungu mmoja mtu mzima aitwaye Mzee Gordon, aliyekuwa na uanachama kwenye uwanja wa magobore, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini mwa jiji. Siku Baba alipoliona gobore la Mzee Gordon hakumaliza ugali. Alikaa akikanda tonge moja mpaka likapoa.

Mama hakutaka kusikia. "Tumevuka bahari kuja kununua bunduki, Baba Kabula?" Alikuwa na haki. Mtaani kwetu bunduki lilikuwa neno la msiba. Tulishasimama barabarani na mishumaa kwa ajili ya vijana tuliopanda nao basi la shule, na kila mara Mama alirudi ndani akatuhesabu kwa macho. Walibishana majuma. Mwisho Mama akatoa sharti: kabati lenye kufuli, sawa, karatasi zote za serikali, sawa, lakini gobore halitapita ukumbini kwake mpaka asikie kwa masikio yake mwenyewe kwamba ni tupu.

Kwa hiyo kila Jumamosi, mlango umeshafungwa nyuma yake, viatu bado vina matope, Baba alisimamisha gobore juu ya mkeka wa kufutia miguu na kuuachia mdeki uanguke ndani. Mtutu ukiwa tupu, chuma hugonga chuma: ting'. Ukiwa na kitu ndani, unasikia "du" tu, kama mtu aliyegonga gunia. Na mdeki wenyewe Baba aliuchonga alama mbili za kusoma mdomoni mwa mtutu, ya juu ya tupu, ya chini ya limejaa. Aliniambia, "Kabula, bunduki usiiulize yenyewe. Muulize mdeki." Mama akisikia ting' alijibu neno lile lile, hakulibadilisha hata siku moja: "Haya, nawa mikono, chakula kinapoa."

Nilimfuata uwanjani toka darasa la nne mpaka la kumi. Harufu ya baruti iliyoungua ni ya yai viza, na mpaka leo nikiisikia moyo unanilainika, Mungu anisamehe. Kazi yangu ilikuwa vitambaa. Wazungu walinunua vyao dukani, vyeupe, vimekatwa vizuri. Baba alikata kanga chakavu za Mama, akavipaka mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta. Risasi ikitoka, kitambaa huanguka hatua chache mbele ya mtutu, na lazima ukiokote ukiangalie: kama kimechanika, umekosea kupima. Basi wakati wa baridi nilikuwa nazunguka kwenye theluji nikiokota maua ya kanga, mekundu, ya manjano, yenye pindo jeusi lililobabuka. Mzee Gordon alivipenda, alibandika kimoja kwenye kofia yake. Mama alipokosa kanga yake ya korosho, ile nyekundu aliyofungashwa na mama yake siku ya safari, nyumba nzima iliwaka moto. Baba akaapa kwamba ile hajaigusa.

Halafu tukirudi kulikuwa na kuosha. Gobore haliogeshwi kwa mafuta, linaogeshwa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, na Mama alitoa ndoo maalumu baada ya kukuta sufuria ya wali inanuka salfa. Nilimwaga maji meusi mara tatu, mara nne, mpaka yatoke safi. Leo namwona binti yangu kwenye simu, anafyatua risasi mia mbili kwa dakika moja, na zikiisha anagusa kioo zinarudi. Nikimwambia aoshe kikombe alichonywea chai, ananijibu, "Mommy, I'm literally in the middle of something." Tungemjibu hivyo nani sisi, na mzazi ana mdeki mkononi?

Lakini nisijifanye malaika. Nilipoingia miaka kumi na sita niliona haya. Wenzangu wakiniuliza baba yako yuko wapi Jumamosi, nilisema yuko kazini. Niliacha kwenda uwanjani, nikaacha hata kumjibu kwa Kiswahili.

Jumamosi moja ya Februari, Mama alikuwa zamu hospitalini, kwenye chumba cha kufulia. Aliondoka akiniachia kazi moja. "Baba yako akirudi, simama mlangoni usikie." Baba alirudi mapema, amelowa theluji. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nyaya za muziki masikioni, naandikiana ujumbe na rafiki yangu wa mtaa wa Agincourt jambo ambalo leo silikumbuki hata kidogo. Nilimwona midomo inatikisika, nikatoa waya wa sikio moja.

"Kabula, njoo usikilize. Kichwa kinanigonga, nataka nikalale."

"It's fine, Dad. I trust you."

Alinitazama kidogo. Kisha akalifungia gobore kabatini, akaenda kulala.

Jumanne kiharusi kikampiga. Upande wote wa kulia, na ulimi. Baba aliyeweza kusimulia uwindaji wa Babu kuanzia Malton hadi nyumbani bila kupumua, alibaki na "aa" na "ee". Aliishi hivyo miaka sita. Na katika miaka hiyo alikuwa na ishara moja: ananyoosha mkono wa kushoto kuelekea kabati, halafu anainua ngumi na kuishusha, anainua na kuishusha, kama mtu anayeshindilia. Sisi tuliona amelikumbuka gobore lake. Tulimshika mkono, tukamwambia, "Ukipona, Baba. Tutakupeleka ukipona." Alikuwa analia. Tulidhani ni hamu.

Tulimzika mwezi wa kumi. Baada ya arobaini Mama akaniambia tumpigie Mzee Gordon, alichukue gobore, maana nani atalitumia. Nikafungua kabati. Sijui kwa nini, labda mkono ulijua peke yake, nililisimamisha juu ya mkeka pale pale ukumbini nikauachia mdeki.

Du.

Nikaangalia alama. Ya chini.

Nilikaa chini. Lilikuwa limejaa miaka yote sita, hatua nne kutoka chumba alicholala Mama, na binti yangu alijifunza kutambaa kwenye zulia la mbele ya kabati. Baba alijua. Alikuwa anatuambia kila siku kwa ngumi yake, nasi tunampangusa machozi na kumwahidi matembezi. Nilimwambia Mama yote, na la kochi pia, kwa Kiswahili, maana nilihisi kwa Kiingereza ningejitetea. Kisha akasema, "Tumtolee hiyo risasi."

Mzee Gordon, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikuja akakagua kwanza: fataki haikuwepo. Alikumbuka siku ile. Theluji mbichi, baruti ililowa, gobore likagoma mara mbili, uwanja ukafungwa mapema. Yeye alidhani Baba amelitoa risasi, na Baba kichwa kilikuwa hakimruhusu kudhani chochote. Alitupeleka uwanjani mwenyewe. Mama hakuwahi kukanyaga pale. Mzee Gordon alitia baruti kavu kidogo kwenye tundu la fataki, akalifunga gobore kwenye gogo, akafunga kamba ndefu kwenye kifyatulio, akabandika fataki mpya, maana mzigo wa miaka sita hauaminiki. Aliniletea mimi kamba.

"Nipe mimi," Mama akasema. Mwanamke aliyeichukia bunduki maisha yake yote. Akavuta.

Ulipigwa mshindo mmoja mzito, na moshi mweupe ukatufunika, na harufu ya yai viza. Ulipotawanyika nilikwenda mbele ya mtutu kama zamani nikaokota kitambaa kwenye theluji. Kimeungua pindo, katikati kizima. Chekundu, na korosho moja nyeusi. Nikampa Mama. Akakigeuza mkononi.

"Mwongo mkubwa," akasema, na hapo ndipo alipolia, yeye ambaye makaburini hakutoa sauti.

Siku hizi naona tunaaminiana upesi. Watoto wetu wanaandika "love you" kabla hawajashika mlango, nasi tunajibu kwa alama ya moyo, na hakuna anayesimama kusikiliza. Enzi zetu upendo ulikuwa na usumbufu: matope mkekani, mtu na gobore lake amesimama ukumbini kwake mwenyewe akisubiri aaminiwe. Mimi niliuita kuaminiana uvivu wangu, na gharama yake aliilipa mzee mmoja kwa ngumi yake ya kushoto.

Mzee Gordon alifungua kamba, akalisimamisha gobore, akanipa mdeki. Nikauachia.

Ting'.

Mama alikuwa ametupa kisogo, ametazama miti. Hakugeuka.

"Haya, nawa mikono," akasema. "Chakula kinapoa."