Seli za Obdulia

Casilda Arnáiz hakuwa mwoga wa ovyo. Alizaliwa Fuentelmonte, upande wa Burgos, ambako mtoto hujifunza kushika miguu ya nguruwe siku ya kuchinja kabla hajajua kusoma. Baba yake, msaga unga, alipompeleka kwa watawa akasome, watu walimcheka: "Unamsomesha msichana ili aje asage nini?" Akasoma. Madrid akasomea kemia ya viumbe hai, darasani wanawake wa kuhesabika. Akaenda ughaibuni miaka mingi, kwani nyumbani maabara za maana hazikuwapo, akarudi na mvi na hamu ya supu ya vitunguu saumu. Maprofesa hawakumtisha, wala upweke. Kilichokuja kumtisha ni kichupa cha kuenea kiganjani.

Kichupa kile kilikuwa na Obdulia ndani yake.

Yaani seli zake. Obdulia alikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyemlea Casilda mama yake anaposhinda kinuni. Saratani ya titi ilipomkamata, alimwita Casilda kitandani. "Watakaponikata, chukua kipande ukakichunguze. Nisife bure kama kuku wa mdondo."

Casilda akachukua. Obdulia akafa, seli za uvimbe wake zikakataa kufa. Zilikua polepole, kwa maringo, vile vile mwenyewe alivyokuwa akitembea kwenda kanisani. Zaidi ya miaka kumi Casilda alizilisha na kuzitunzia joto, akazijaribia dawa hii na ile, hata akapata moja iliyozizima.

Kijijini wakajua. Jioni za Agosti, wakishatoa viti nje ya milango wapate upepo, swali lilikuwa lile lile: "Casilda mwanangu, Obdulia hajambo huko Madrid?"

"Hajambo. Anakula vizuri."

"Hata hapa alikula vizuri, hasa vya wenzake!"

Aliyecheka kuliko wote ni Leonor, binti yake Obdulia.

Mwaka ule Leonor naye akaota uvimbe. Madaktari wa Burgos walitaka wamkate upesi, akagoma. "Mama alikatwa, akafa. Mimi sikatwi. Nangoja dawa ya mama." Wagonjwa wa kwanza wangepewa dawa Januari, na Casilda ndiye aliyemwombea Leonor nafasi.

Asubuhi moja ya Novemba, Fermín, fundi wa maabara, aliinua jicho kutoka kwenye darubini. "Daktari, Obdulia wako kaamka na njaa. Ijumaa alikuwa haba, leo kajaa chupa nzima. Au kapata mchumba?"

Casilda akacheka. Akainama atazame, kicheko kikamkaukia mdomoni. Obdulia hakuwahi kukimbia namna ile.

Maabara zote zina aina moja ya seli kongwe, lafi, zinazokua upesi kama magugu. Tone moja linatosha kuziingiza chupa ya wenzake zikawamaliza. Chovya mrija mmoja kwenye chakula cha hizi na cha zile, basi. Fuentelmonte wanawake huazimana chachu ya mkate, na kila mmoja wao anajua kwamba chachu kali ya jirani ikishaingia, siku si nyingi mkate wako una ladha ya nyumba yake. Casilda akakumbuka Agosti moja ya nyuma, anakimbilia treni awahi sikukuu ya kijiji, analisha seli harakaharaka. Alichovya? Hakuchovya? Hakuweza kuapa.

Hospitali walikuwa bado wamehifadhi kipande cha Obdulia ndani ya nta. Akakiomba, kikapelekwa pamoja na seli za chupani vilinganishwe alama za urithi. Siku za kungoja hakula wala hakulala. Simu ikilia anashtuka. Na ilikuwa Leonor: "Dada, mwambie mama asinisahau!" Casilda alijibu nini, hata mwenyewe hakujua.

"Daktari," Fermín alinong'ona, "na tukinyamaza? Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mimi sisemi."

"Leonor si maiti, Fermín."

Majibu yakaja: hazikuwa za Obdulia. Wakafukua pipa la baridi kali walimozigandisha zile za mwanzo, wakazipasha moto, wakazibembeleza. Hakuna iliyoamka. Casilda akaenda kwa mkuu wake akamwambia yote. Mkuu akapiga meza: "Tutachekwa mpaka Ureno!" Lakini dawa ikasimamishwa siku ile ile.

Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa mlango wa Leonor.

Alimkuta jikoni, akijaza matumbo ya nguruwe kwa damu na mchele. "Dada! Mbona hukusema unakuja? Kaa, ule."

"Leonor, zile seli si za mama yako."

"Ni za nani basi?"

"Za mtu nisiyemjua. Ziliingia chupani zikamlia mama yako chakula, mpaka akaisha."

"Lini?"

"Sijui. Pengine mwaka jana. Pengine zamani sana."

Leonor aliacha kujaza. "Kwa hiyo nilipokuwa nakuuliza hajambo..."

"Nilikujibu nisichokijua."

"Na dawa?"

"Imesimama. Inamzima huyo mwingine. Saratani ya kwako, sijui."

"Toka."

Casilda hakutoka. "Nitukane utakavyo. Ila kesho twende Burgos ukakatwe. Umengoja kwa ajili yangu, nami naogopa."

Leonor akapangusa mikono. Kisha akamshika mkono, akauingiza chini ya sweta lake. "Wewe si ndiye mjuzi? Niambie."

Maisha yake yote Casilda alikuwa ameitazama saratani kupitia kioo. Hakuwahi kuigusa ndani ya mwili wenye joto, unaopumua. Ilikuwa ngumu kama kokwa la zaituni, na kubwa kuliko alivyoambiwa Agosti. Uongo mtamu ulimjia hadi kwenye ulimi.

"Uvimbe umekua," akasema.

Leonor akashusha sweta. "Shika kamba ufunge soseji hizi, zisiharibike. Na basi la asubuhi ujue linaondoka saa ngapi, maana peke yangu siendi."

Casilda akashika kamba. Fundo la kwanza likafumuka, damu ikamwagika mezani.