Mikono Inayochelewa Kuamka

Mikono ya Wayua ilikuwa inaamka baada yake. Alfajiri, majogoo wa kilima cha Kilungu wakiwa bado wanajibizana, yeye alikuwa ameketi kitandani macho wazi, vidole vimevimba kwenye vifundo na kukakamaa. Hakuweza kufunga kifungo cha blauzi. Hakuweza kuwasha kiberiti. Aliitumbukiza mikono katika karai la maji ya moto, akangoja. Jua likishapanda, vidole vilianza kulegea. Ikifika adhuhuri aliweza kumenya viazi, na aliyempita njiani hakuona neno.

Hilo la adhuhuri ndilo lililomponza.

Wanawake wa kilima kile wana mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu. Leo wanachimba kwa huyu, juma lijalo kwa yule, tangu kupambazuka hadi jua liwe kali. Wanachimba fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, ili mvua ya Novemba isiuteremshe mtoni. Asiyefika kazini, shamba lake linarukwa. Wayua mwenyewe aliitetea sheria hiyo walipounda kikundi, yeye na Mbithe, jirani yake, ambaye walibatizwa naye siku moja. Na mwaka huo hakuna shamba lililohitaji mwethya kama la Wayua. Matuta yake yalikuwa yamebomoka mvua iliyotangulia, mahindi yakaenda na maji. Mumewe, Kiema, alikuwa mwashi kule Emali na hakuja nyumbani ila mwisho wa mwezi. Mvua nyingine ikilikuta shamba vile, lingebaki jiwe tupu.

Alikosa zamu ya kwanza, akakosa nyingine. Kikundi kikakutana uwanjani pa kanisa baada ya ibada, naye akaitwa ajieleze.

"Asubuhi vidole havifunguki," alisema. "Nikishika mpini, siuhisi. Kifundo cha mkono kinawaka moto."

"Na mchana vinamfungukia nani?" mmoja akadakia, watu wakacheka.

Mbithe hakucheka. Afadhali angecheka. "Mama Kavindu," alisema, akimwita kwa jina la binti yake, "Jumanne nilikuona sokoni Nunguni, saa nane, na ndoo ya avokado kichwani. Ulikuwa unatembea kama bibi harusi. Huu ni ugonjwa gani unaojua saa za kazi?"

"Ni kweli nilibeba. Mchana huwa na nafuu."

"Baridi yabisi ni ya nyanya zetu. Wewe una miaka arobaini. Sema umechoka, mwaitu, mama yangu, tutaelewa. Lakini usitudanganye kwenye uwanja wa Mungu."

Tuliofundishwa kwamba uvivu ni dhambi tunasahau upesi kwamba kushuhudia uongo nayo ni dhambi, tena imo katika zile amri kumi. Mbithe aliiona saa moja ya siku ya mwenzake, akaitolea hukumu siku nzima. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumtazama Wayua alfajiri. Ni mwendo wa kukatiza shamba moja tu.

Kiema alipiga simu akamsihi aende hospitali. Akakataa. Kwenda mjini Wote na kurudi ni siku nzima, na kesho yake ilikuwa siku ya mwethya, tena kwa Mbithe. Akameza dawa za maumivu za dukani. Asubuhi ya kazi akamwambia binti yake, Kavindu, ararue leso kuukuu na kuufunga mkono wake wa kulia kwenye mpini wa jembe, kwa kuwa vidole havikuweza kuushika.

Alifika wa kwanza. Akachimba. Kila jembe lilipogota ardhini maumivu yalipanda hadi begani, naye akauma meno. Katikati ya mtaro alihisi kitu kidogo kikikatika nyuma ya kiganja, kama uzi. Hakusimama.

"Haya, mmemwona?" Mbithe alipaza sauti kwa furaha ya kweli. "Si nilisema anaweza! Ilikuwa kichwani tu."

Wakampigia makofi. Jasho lake likawa ushahidi dhidi yake.

Jua lilipokuwa kali, Mbithe alikuja kumfungua ile leso, huku akitania, "Leta mkono, dereva wa trekta." Kitambaa kilipotoka, kidole kidogo na kile cha pili yake vilining'inia. Wayua alijaribu kuviinua. Vikakataa. Mbithe akavishika, akaviinua yeye, akaviachia, vikaanguka tena.

Daktari waliyemkuta hospitalini Wote, mama mpole aitwaye Fahima, aliipapasa mikono yote miwili muda mrefu.

"Asubuhi inakuwa migumu, mchana inalegea?"

Wayua alianza kulia. Alikuwa hajasema lolote bado.

"Ndivyo ugonjwa huu ulivyo," daktari akaeleza. "Si uzee, si baridi. Mwili una kinga yake, kama askari wa zamu. Kwako askari wamegeuka, wanashambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Inavimba, inakula mfupa, inasaga kano zinazoinua vidole. Ukipumzika usiku kucha, uvimbe unaganda. Ndiyo maana asubuhi ni mbaya."

"Vitarudi?"

"Kuna dawa ya kutuliza hao askari. Itaokoa viungo vilivyobaki, ukiinywa bila kuacha. Kano zilizokatika zinahitaji upasuaji, na siwezi kukuahidi mkono uleule. Ungekuja mwanzo, mama, tungekuwa na mengi ya kufanya."

Mbithe, aliyekuwa amemsindikiza, aliangalia sakafu.

Mwethya ulikwenda kwa Wayua juma lililofuata. Walichimba kuliko walivyowahi kuchimba kwa mtu, mitaro mirefu iliyonyooka. Novemba mvua ikashuka, na udongo haukwenda popote.

Alfajiri ya kupanda, Mbithe alikuja na mbegu na jembe. Alimkuta Wayua mlangoni, blauzi haijafungwa, mkono ndani ya karai la maji. Alipiga magoti akamfunga vifungo kimoja kimoja.

"Nisamehe, dada yangu."

"Nimekusamehe," Wayua alisema. "Biblia imeniamuru." Kisha akasema polepole, bila hasira, "Lakini nilikuambia, Mbithe. Nilikuambia mbele ya watu."

Mbithe aliokota jembe na mbegu. Aliinuka, akateremka shambani peke yake, akaanza kupanda.