Kidevu cha Muuza Dawa, Mdomo wa Bosi

Aibu yangu naisema mwenyewe kabla hamjaisikia mtaani kwetu Ngokolo: nilimshika kidevu muuza dawa za mifugo, mtu mzima mwenye ndevu zake, mbele ya wateja, nikamwambia, "Achama! Hivi ndivyo mdomo unavyoangaliwa!"

Chanzo ni paka wetu Bosi (binti yangu Neema ndiye aliyempa jina, maana lazima ale wa kwanza), alianza kutokwa udenda, mdomo unanuka, dagaa anawanusa na kuwaacha. Sasa huku kwetu tuna tabia moja, nami nimo: mnyama akiugua unamwacha nyumbani, wewe unaenda dukani kusimulia, unapewa dawa kwa masimulizi. Nikasimulia, nikapewa dawa ya minyoo. Nikarudi, nikapewa dawa ya mbuzi, "mpimie kidogo tu." Nikarudi tena, muuza dawa akajibu macho yakiwa kwenye simu, "Mama Neema, huyo kakwamwa na mwiba wa sato, utatoka wenyewe."

Basi Neema akaniletea jino la Bosi kiganjani, analia. "Mama, Bosi anaisha." Nikamtia paka kwenye kikapu, nikamfunika kanga, bodaboda hadi dukani, tena siku ya kuletwa vifaranga, watu wamejaa mpaka barazani.

Jamaa akachungulia kwa mbali. "Si nilikwambia mwiba?"

"Umeuona?"

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "paka ni paka tu. Tafuta mwingine."

Hapo ndipo mkono ukaenda kidevuni. Kikapu kikaanguka, Bosi akatumbukia kwenye boksi la vifaranga, wengine wakamwagika sakafuni, bibi mmoja akapiga yowe "Wanaliwa!", mimi nimepiga magoti chini ya kaunta nakusanya vifaranga na kanga yangu inakanyagwa (nilivaa sketi, msiniwazie mabaya). Lakini Bosi hakugusa hata mmoja. Alikaa katikati yao, udenda unamtiririka, anawatazama tu.

Dada mmoja aliyefuata chanjo, kumbe daktari wa mifugo, akamfungua mdomo taratibu, akamulika na simu. Chini ya ulimi kuna uvimbe uliochimbika kama kidonda.

"Nahofia ni saratani, na imeshakwenda mbali," akaniambia. "Kumponya siwezi, dada. Maumivu naweza kuyatuliza."

Na kweli yametulia. Bosi anakunywa mchuzi wa samaki aliyesagwa, Neema akimlisha kwa kijiko, halafu anakoroma mapajani kwetu. Siku akishindwa, daktari atakuja nyumbani kumpumzisha, tumeshakubaliana. Kwa sasa tuna furaha yetu, na inatutosha.

Ila hasira haikuisha, nikaenda ofisi ya kata. Mtendaji akacheka. "Mwenzako keshafika, analalamikia kidevu."

"Andika langu chini ya lake," nikasema, akaandika: "Mimi Mama Neema, kosa la kidevu nakubali, na vifaranga niliwakusanya mwenyewe. Nalalamika kwamba huyu bwana ametibu mdomo asioutazama, na paka wetu ameteseka wakati angeweza kutulizwa. Naomba azuiwe kuuza dawa kwa masimulizi, na mimi nizuiwe kununua."