Siku Niliyomkataa Punda wa Shija

Najua wengine wenu mmeshaisikia hii habari kwa watu, na kila aliyewasimulia ameongeza chumvi yake, kwa hiyo heri niwape mwenyewe: ndiyo, ni mimi, Gervas huyu huyu mnayemwona, niliyepigwa sindano ya malaria makalioni nikiwa mzima kabisa, nimevaa pazia jekundu na taji, siku ya Jumapili ya Matawi, juu ya kitanda chenye tundu katikati (vitanda vya kipindupindu vina tundu, na kazi ya tundu hilo hamhitaji kuelezwa). Chekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, kigango chetu kiko upande huu wa Murusagamba, na mimi nimekufa nimeoza kwa Odilia, binti wa katekista. Katekista Bonifasi alikuwa na neno moja tu kwa kila kijana aliyebisha hodi kwake: "Binti yangu simtoi kwa mtu nisiyejua shina lake." Basi unakaa pale kwenye benchi, unaanza kutaja baba, babu, baba wa babu, na ukikwama unaaga.

Na msimlaumu peke yake, maana miaka ile kila mtu huku alikuwa mtaalamu wa mashina. Watu wanavuka mpaka na godoro kichwani na mtoto mgongoni, na sisi tuliowatangulia kidogo tu tumekaa barazani tunaulizana nani mwenyeji, nani wa kuja, na pua ya fulani inafanana na za wapi. Mimi nikajifanya mwenyeji kuliko wenyeji. Nikamwambia katekista kwamba baba wa babu yangu alitoka nyumba ya watemi, kwamba mguu wake haukugusa matope, alikuwa anabebwa mabegani mwa watu. Ukweli ni kwamba mimi nimelelewa na Bibi Sabina, aliyevuka kutoka Burundi zamani zile, jembe mkononi na baba yangu mgongoni, akaanza kwa kulima vibarua kwenye migomba ya watu. Hilo sikulitaja. Nilifika hata mahali pa kumwomba bibi awe anaongea kidogo kidogo wageni wakija, kwa sababu ya lafudhi yake, na yeye akakubali bila kuuliza. (Hapo msicheke.)

Katekista akaniamini. Kwenye igizo la Matawi akanipa nafasi ya Yesu mwenyewe, akisema, "Wewe wa nyumba ya watawala utaelewa mambo ya ufalme." Nikamtazama Odilia, Odilia akainamisha uso akitabasamu, nami nikaona mahari tayari inapokelewa.

Kwenye mazoezi katekista alitufundisha vizuri, siwezi kusema hakutufundisha. Alisema Mathayo ameanza na yale majina yote, ambayo sisi huwa tunasinzia yakisomwa, kwa sababu Daudi aliahidiwa kwamba mfalme atatoka nyumbani kwake, na kama Yesu asingekuwa wa nyumba hiyo asingekuwa yule aliyengojewa. Nikatikisa kichwa kwa nguvu, nikimwangalia Odilia, kumaanisha si unasikia, mambo ya ukoo haya. Halafu katekista akaendelea kusema tuwaangalie na wanawake waliotiwa humo, Rahabu wa Yeriko, Ruthu mgeni wa Moabu, na kwamba mfalme huyu hakuja kama wafalme wengine. Hapo masikio yangu yalikuwa yameshafungwa. Nilichukua nusu niliyoipenda nikaenda nayo nyumbani.

Sasa punda. Punda alikuwa wa Shija, kijana wa Kisukuma aliyehamia kwetu na kuishi kwa kubebesha mihogo na maji, na huyo punda alikuwa na kidonda mgongoni na tabia ya kusimama katikati ya njia akafikiri. Nilipomwona nikasema moyoni, mimi, wa nyumba ya watemi, mbele ya Odilia, juu ya punda wa mihogo? Shija akaniambia kwa upole, "Kaka, hana neno, ukimwimbia anakwenda." Nikamjibu kwamba aimbiwe na wa kwao.

Ndipo nikaamua lile dogo lililoniua. Nikaazima machela ya kijiji.

Machela yetu mnaijua, ile ya mianzi na kamba, inayobebwa na wanaume wanne. Zamani watemi walibebwa hivyo, ni kweli, lakini miaka yetu ile machela ilikuwa na kazi mbili tu, mgonjwa na marehemu. Na ina sheria yake: ikipita njiani unavua kofia, na ukiwa mwanaume mwenye bega unapokea, unabadilishana na waliochoka, hata kama humjui aliyelala juu yake. Sheria hiyo naijua tangu utotoni. Asubuhi ile niliisahau kabisa.

Mpango wangu ulikuwa hivi: wanakwaya wanne wanibebe kutoka nyumbani kwetu ng'ambo ya bonde, nimelala, nimefunikwa shuka jeupe mpaka usoni ili vumbi lisiharibu pazia (la mama yake Odilia), na tukifika njia panda, watu wakiwa wamejaa na matawi yao, shuka linafunuliwa, ninainuka, Hosana! Nilikuwa nimepiga rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kizima kwa ajili ya ujasiri, na machela ikawa inanibembeleza, jua limeanza kupanda, kabla hatujavuka kijito nikasinzia.

Niliposhtuka nilisikia sauti nisizozijua, zinazungumza Kirundi, na mwendo umekuwa wa mbio. Wale wanakwaya wangu wa majina ya watakatifu walikuwa wamekutana na wakimbizi waliotoka kutafuta kuni, wakimbizi wakatupa kuni chini wakavua kofia, wakaingiza mabega bila kuulizwa, na wanakwaya badala ya kusema ni igizo wakasema asante, wakakata kona kwenda kumalizia rubisi.

"Buhoro, buhoro, msimtikise," mmoja akasema.

"Umwana wa nde?" akauliza mwanamke. Mtoto wa nani?

"Simjui," akajibu mzee aliyekuwa upande wa kichwa changu, anahema. "Ni mtoto wa mtu."

Hapo ndipo ningesema. Lakini jiwekeni mahali pangu: mtu ametupa kuni zake, anakimbia na uzito wako kwenye jua, anakuombea usife, wewe unainuka na taji unamwambia nini? Nikasema moyoni nitanyamaza mpaka njia panda, pale watu wetu watanitambua.

Njia panda tukafika, na watu walikuwepo, nikasikia ngoma. Ngoma ikanyamaza. Nikamsikia katekista Bonifasi akisema, "Tupisheni njia jamani, mgonjwa huyo, hali mbaya, hata uso wamemfunika." Halafu, ndugu zangu, akaniombea. Kigango kizima kikapiga magoti vumbini na matawi yao, Baba Yetu yote na Salamu Maria juu yake, na nikaisikia sauti ya Odilia, nzuri, ina machozi kabisa. Nami ndani ya shuka nikaitikia amina kimoyomoyo. Ningeinukaje katikati ya sala yangu mwenyewe? Machela ikashika njia ya kambini, na nyuma yangu nikamsikia katekista, "Sasa Gervas yuko wapi? Haya, Shija, panda wewe, watu wasichomwe na jua."

Kambi ile ya mapokezi ilikuwa na hema la wagonjwa. Kabla sijafunuliwa nikanyunyiziwa dawa ya klorini kutoka miguuni hadi kichwani na jamaa mwenye viatu vya mpira, kisha nikalazwa kwenye kitanda kile cha tundu, na shuka likaondolewa na muuguzi mmoja mwanamama mwenye Kiswahili cha pwani.

"Ewe kaka, unanisikia? Jina lako nani?"

Hofu ikanishika, na tangu alfajiri jina nililokuwa nikiitwa lilikuwa moja. "Mimi ndiye Yesu," nikasema.

Akanitazama, akatazama taji. "Baba yako?"

"Daudi. Yaani ukoo. Si baba hasa."

"Masikini ya Mungu," akamwambia mwenzake, "imeshampanda kichwani huyu. Leta kwinini." Nikaanza kujieleza, punda, machela, wanakwaya, pazia, na kila nilipozidi kueleza walizidi kunishika miguu. Yule mzee aliyenibeba ndiye aliyenishika mkono wakati wa sindano, akinipapasa, "Vumilia, mwanangu." Bega la shati lake lilikuwa limechanika kwa mti wa machela.

Wakati huo wanakwaya wamerudi kutoka kwenye rubisi na kusema kweli, na mtu mwingine mwenye mbio kuliko akili amekwisha kufika nyumbani kwa bibi kusema Gervas anakufa. Basi wakaja wote. Mbele katekista, nyuma yake Shija juu ya punda, amenyooka vizuri, punda anatembea kwa adabu, kigango kizima na matawi, Odilia, na mbele ya hao wote, akimpita hata katekista kwa mbio, bibi yangu, kanga imemwanguka, analia kwa sauti ya kwao, ile niliyokuwa nimemwomba aifiche: "Yoo, mwana wanje! Mwana wanje!"

Hema zima liligeuka. Wale wakimbizi walionibeba wakamwitikia, wakamuuliza kwao ni wapi, naye akiwa ameninasa shingoni akawajibu kilima alikotoka, na alivyovuka, na jembe, na mtoto mgongoni, vibarua kwenye migomba, yote, mbele ya katekista Bonifasi. Hakuna mtemi hata mmoja aliyetokea kwenye ile habari. Masikio yangu yalikuwa yanavuma kwa kwinini, lakini kila neno nililisikia.

Katekista akamngoja amalize. Kisha akavua kofia. "Shikamoo, mama," akasema, na bibi akajipangusa macho, "Marahaba, mwalimu." Kisha Odilia akaliona tundu la kitanda na pazia la mama yake linaloning'inia ndani yake, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni nilikwenda kwa katekista kumwomba Odilia, akasema hapana, nami, nimekaa upande mmoja kwa sababu ya sindano, nikauliza kama mwanaume. "Mwalimu, kumbe umenikataa kwa sababu ya bibi?"

"Bibi yako?" akasema. "Nikimkataa mjukuu wa mwanamke aliyevuka mpaka na jembe, Krismasi nitamsomaje Ruthu? Hapana. Nimekukataa kwa sababu ya punda. Yesu, ambaye ukoo wake wa kifalme ni wa kweli, alipanda. Wewe uliyeubuni wako ndiye uliyeona haya."



Odilia aliolewa na Shija. Katekista hakumtajisha babu hata mmoja. Kila Jumapili ya Matawi hadi leo anayeshika kamba ya punda ni mimi, ni adhabu niliyopewa mwaka ule na hakuna aliyekumbuka kuifuta, na nimegundua kweli, ukimwimbia anakwenda. Bibi anaongea anavyotaka, na wageni wakija namwachia nafasi ya kwanza. Na machela sitaipanda tena mpaka siku ya kupandishwa kwa haki, na hata siku hiyo naomba wasinifunike uso mapema, wanibebe kwanza kidogo hivyo hivyo, maana safari ile, chini ya shuka, sikumwona hata mmoja wa walioingiza bega.