Msusi na sura aliyorukiwa

Saa tatu asubuhi. Msusi anagawa nywele za mteja kwa ncha ya kichana, na mteja anasoma Biblia kwa sauti, shingo imelala upande.

"Usiinue kichwa, soma hivyo hivyo," msusi anamwambia. "Na usinikimbizie maneno, nasikiliza."

Saluni ni chumba kimoja: viti viwili, kioo chenye ufa na benchi ambalo halijawahi kukaa tupu. Wengi wa benchini hawajaja kusuka. Wamefuata umbea, wala hawakatai. Biblia imevishwa nailoni isishike mafuta, na sheria ya nyumba ni moja: anayekaa kitini anaanzia alipoishia mwenzake.

Msusi huyu, Dada Vidole kwa wateja wake, ana miaka arobaini na saba. Shule aliiacha darasa la pili akalee wadogo zake watano. Anasuka vichwa vitatu kwa siku, siku mbovu kimoja, na kwa miaka kumi na moja ameyapokea Maandiko kwa midomo ya watu.

"Mwingine anasoma kama anafokea watoto, mwingine kama anabembeleza," anasema. "Lakini nashiba. Siku isiyo na mteja nina njaa mbili."

Na maswali hayamwishi. Petro alikuwa na mama mkwe, basi alikuwa na mke. "Sasa huyo mke alisemaje mume aliporudi bila nyavu? Mtu anaacha kazi hata nyumbani hajauliza!" Siku hiyo benchi zima lilibishana mpaka mteja akaondoka na nywele zilizobana upande mmoja kuliko mwingine.

Miezi mitatu iliyopita alikuja mteja mgeni, karani wa mahakama, mtu wa kusoma kila kitu hata namba za kurasa. Zamu yake ikaangukia kwa shujaa wa kale aliyeapa kwamba akishinda vita, atakayetoka kwanza nyumbani kumlaki atatolewa sadaka. Akatoka binti yake wa pekee.

Vidole vikasimama. Dada Vidole alimzika binti yake wa pekee miaka sita iliyopita.

"Hizi habari za kitabu cha Waamuzi si tulishazimaliza mzunguko wa kwanza?" akauliza. "Huyu mtoto alikuwa wapi?"

Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyesoma sehemu ile mara ya kwanza, akatazama sakafu.

"Niliiruka, mwenzangu. Ulikuwa umetoka makaburini juzi tu. Ningeanzaje?"

"Ungeanza kwa kufungua mdomo!" Kisha akamgeukia karani: "Endelea, mama. Yote."

Karani akaendelea hadi mwisho, pale wasichana wa nchi ile wanapokwenda kumlilia binti yule siku nne, kila mwaka.

"Mimi niliambiwa mwaka ukipita nifute machozi," Dada Vidole anasimulia. "Kumbe humo ndani kuna binti aliyeliliwa mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewaambia inatosha. Sasa nauliza: baba alishindwaje kukivunja kiapo chake? Na Mungu alinyamazia nini? Nimemuuliza mchungaji, akakohoa."

Wiki nzima hakusemeshana na fundi. Hasira ilipopoa, akampa adhabu: kila mchana, fundi amfundishe kusoma.

"Alinihurumia, najua. Lakini huruma yake ilininyima chakula changu. Sitaki tena kulishwa kwa kijiko cha mtu."

Sasa anaunganisha silabi, kidole juu ya karatasi, jasho puani kama anasukuma gari. Aya tatu humchukua muda wa kusuka nusu kichwa. "Na mkono wake mzito!" fundi analalamika. "Nikimsahihisha ananifinya."

Mwezi ujao, siku ya kumbukumbu ya binti yake, Dada Vidole hatapokea mteja. Anataka benchi lijae kama kawaida, na yeye akae kitini aisome sura ile mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

"Ukikwama nitakusaidia," fundi anamwambia.

"Nikikwama mtangoja," anajibu, bila kuinua macho. "Safari hii harukwi mtu."